Mchezo Uliokwama Mapendo

Kila Jumamosi, Umuhire akishateka maji na kufagia ua, alikuwa na safari moja tu aliyoipenda: kwenda kwenye chumba cha kompyuta cha vijana, hapo hapo mtaani Mapendo. Kilikuwa chumba cha mbao, kimesimama juu ya mawe meusi yaliyowahi kuwa moto wa Nyiragongo, mlima wa volkano. Watoto wa Goma hawayashangai mawe hayo. Wanayakalia, wanaanikia nguo juu yake. Aliyeyashangaa ni Twizeyimana.

Twizeyimana alikuwa binamu yake, mtoto mdogo aliyekimbia vita kutoka kijiji cha Kalengera akiwa amebebwa mgongoni. Milio ya risasi haikumliza. Kilichomtisha alipofika Goma ni mlima. Anga likiwa jekundu juu ya mlima huo, alijifunika blanketi gubigubi na kumwuliza Umuhire, aliyemwita Yaya kama mkubwa wake, "Yaya, tukikimbia tena, tutafika?" Wakubwa walimwambia alale tu.

Ndiyo maana Umuhire akatengeneza mchezo. Likizo nzima alikaa na Mama Philomène, mwalimu wa chumba kile, mwenyeji wa Butembo mwenye sauti ndogo na macho makali. Wakajenga mji kwenye kioo cha kompyuta: mlima, nyumba, barabara ya kwenda mji wa Sake, na familia inayotembea na magodoro kichwani, kama walivyotembea watu wa Goma mlima ulipolipuka mwaka 2021. Mchezaji anaiongoza familia, moto unafuata nyuma. Akiwa mwepesi, wote wanafika. Jumapili baada ya misa, watoto waliokimbia vita wangekuja kuucheza. Jumamosi ya kabla yake, Twizeyimana alipewa heshima ya kuujaribu kabla ya wenzake.

Umuhire aliwasha mashine, akamkalisha mbele ya kioo. "Bonyeza hapa. Haya, twende!"

Weee! Familia ilinyanyua mguu, ikaganda. Ikaruka, ikaganda tena. Twizeyimana alibonyeza mpaka kidole kikamuuma, lakini familia ilimtii kwa kuchelewa, na moto haukusubiri mtu. Ukawafunika njiani, baba, mama, watoto na magodoro yao.

"Wamekufa?" aliuliza.

"Ni mashine tu," Umuhire alijibu haraka.

Mama Philomène akainama kutazama. "Jana mchezo ulikuwa unakimbia vizuri. Kuna mtu aligusa kitu?"

Moyo wa Umuhire ukapiga paa! Aligusa. Jana jioni, akiwa peke yake, mashine ilimwuliza kama anataka kusasisha programu zake, yaani kuzibadilisha ziwe mpya. Mama Philomène alikuwa ameshakataza: hakuna sasisho mpaka Jumapili ipite. Lakini kipya si ndicho kizuri? Akabonyeza ndiyo, akangoja ikamaliza, akazima, akaenda zake.

"Hapana, Mama," alisema.

Mama Philomène alifunga programu nyingine zote. Wapi! Akafungua sanduku la mashine, akapuliza vumbi jeusi mpaka akapiga chafya. Wapi! Hapo Umuhire, roho juu juu, akasikia mtambo wa kuchomelea wa fundi jirani ukinguruma, akapata pa kujishikiza. Nani Mapendo asiyejua kwamba Papa Constant akichomelea mlango wa chuma, balbu za mtaa mzima zinafifia?

"Ni Papa Constant!" alisema. "Anakula courant yetu, umeme wote. Ndiyo maana mchezo hauna nguvu."

"Kompyuta si balbu," Mama Philomène alimjibu. "Umeme ukipungua sana inazimika, haichechemei. Lakini tujaribu. Nenda umwombe azime kidogo, tena kwa adabu."

Papa Constant alikuwa na mteja aliyekuwa akingojea mlango wake. Hata hivyo alizima mtambo, akavua miwani myeusi. "Kama ni kwa ajili ya watoto, mlango utangoja," alisema, akaja mwenyewe kuangalia.

Balbu ikang'aa. Familia ikanyanyua mguu, ikaganda. Moto ukawafunika.

"Bon," alisema Papa Constant taratibu, "basi mwizi si mimi." Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Umuhire zaidi.

Twizeyimana akaondoa mkono wake. "Kumbe hata ukikimbia, moto unakukuta," alisema.

Umuhire alishindwa kuvumilia. Machozi yakamtoka. "Mama, nimedanganya. Ni mimi. Jana jioni nilikubali sasisho."

Alingojea makaripio. Mama Philomène akavuta kiti, uso umemkunjuka. "Na leo ndiyo mara ya kwanza kuiwasha tangu hapo? Haa! Sasa ninaujua ugonjwa."

Akawaeleza. Mashine ina kiini, programu inayoziamuru nyingine zote. Sasisho limeleta kiini kipya, kilichoanza kazi leo mashine ilipowashwa, lakini programu inayozungumza na kadi ya picha, kifaa kinachoisaidia mashine kuchora, imebaki ile ya zamani, na viwili hivyo havielewani. Kadi imekaa bure, na mashine inachora kila picha bila msaada wake, imeelemewa.

"Na kiini cha zamani kimeshafutwa?" Umuhire aliuliza kwa hofu.

"Tazama."

Mama Philomène alizima mashine, akawasha huku amebana kitufe. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maandishi meupe: kiini kipya, na chini yake kile cha zamani. Kizima kabisa!

Umuhire alisahau kulia. "Nani amekihifadhi?"

"Waliotengeneza programu hizi. Wako nchi nyingi, na hawafichi kazi yao. Yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Walijua kipya kinaweza kuleta shida, wakaacha njia ya kurudi."

"Wanatujua?"

"Hata jina la Mapendo hawajalisikia."

Lo! Umuhire alibaki mdomo wazi. Mtu wa mbali, asiyemjua, alikaa akalifikiria kosa lake kabla yeye hajalifanya, na hakulifikiria kwa hasira. Mwili ulimsisimka. Hata Papa Constant alikuwa amevua kofia, kama yuko kanisani.

Wakachagua kiini cha zamani. Mchezo ulipofunguka, familia ilitembea bila kukwama. Twizeyimana aligoma kubonyeza mpaka Umuhire alipouweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto. Wakavuka mji, wakashika barabara, wakafika Sake. Mtoto akawagusa mmoja mmoja kwenye kioo.

"Wamefika wote?"

"Wote."

"Tena!"

Umuhire alimwomba Papa Constant msamaha, naye akacheka na kurudi kwenye mlango wake. Ndipo Mama Philomène akasema, "Mutoto wangu, kosa la kubonyeza lilikuwa na njia ya kurudi tangu asubuhi. Uongo ndio uliotuzuia kuiona, ukamsingizia na jirani. Muuguzi hawezi kukutibu ukimficha ulichokula. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, tutafute njia pamoja."

"Nimesikia, Mama," alisema Umuhire.

Jumapili chumba kilifurika. Msichana mmoja mdogo alipoona mlima mwekundu kwenye kioo alirudi nyuma, akataka kutoka. Twizeyimana alimpisha kwenye kiti chake, akasimama kando yake.

"Usiogope," alimwambia. "Njia ninaijua. Watafika wote."