Mwanamke Aliyeacha Kununa

Lifti ya lile jengo la maduka ilikwama saa ya watu wengi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na ndani yake alikuwemo mshona mapazia mmoja mwenye ulimi. Alikuwa amevaa gauni la kijani, amekumbatia robota la kitambaa refu kuliko yeye, na kila aliyebanana naye humo alikuwa ameshaelezwa kwa nini jengo lile lingefaa kubomolewa. Fundi wa lifti alipoingiza uso wake kwenye upenyo wa mlango, jasho likimchuruzika na ovaroli imejaa grisi, hakupewa hata salamu.

"Umechelewa," mshona mapazia alimwambia.

"Nisamehe, bibie. Ngazi nazo zilikuwa na foleni."

Watu wakacheka, yeye akanuna. Alitolewa wa mwisho kwa kuwa hakukubali kuliacha robota lake, na fundi akambebea mpaka dukani, akisemwa njia nzima kwamba anakitia kitambaa mikunjo. Huyu hasa ndiye niliyekuwa namtafuta, fundi alijisemea. Haya, kila mtu na mambo yake.

Wakapendana, na penzi lao likawa la kubishana: shuka inakunjwaje, nani kamkatia mwenzake simu, chumvi imezidi au haikuzidi. Mshona mapazia akinuna, fundi humpigia. "Mama Mapazia, bado umeninunia?" "Bado. Piga baadaye." Na akipiga baadaye wanacheka mpaka salio linakwisha.

Kisha mshona mapazia akaanza kuvimba miguu. Daktari akasema figo zake zote mbili zimechoka. Akawa mtu wa kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, akirudi amelegea, hawezi hata kutunga uzi sindanoni. Mama yake alitaka kutoa figo yake, lakini ana ugonjwa wa sukari, akakataliwa. Fundi hakushauriana na mtu. Alikwenda kupimwa, vipimo vikalingana, akaja wodini na shati lake zuri la mistari, akasema yote mawili kwa pumzi moja: figo anampa, na akipona waoane. Mama mtu akalia, akamwita mwanangu. Mshona mapazia akasema ndiyo. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Lakini hospitali haimpasui mtu kwa sababu vipimo vimelingana tu. Kuna mama mmoja pale, mshauri wa wagonjwa, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Kazi yake ni kukaa na anayetoa peke yake, na anayepokea peke yake, awaulize mambo ambayo kisu hakiyaoni. Mlango ukishafungwa, humwambia kila mmoja neno lile lile: ukiwa hutaki, niambie mimi, na nyumbani tutasema haikuwezekana, bila kutaja sababu wala mtu.

Fundi aliulizwa, wakija kuachana, atajisikiaje juu ya figo yake. Akacheka, akasema wao hawaachani. Mshona mapazia yeye alijibu vizuri: dawa atakunywa, mama yake atamuuguza, wasiwasi anao lakini usingizi anapata. Mshauri akavua miwani.

"Akikukosea, utaweza kumkasirikia?"

Mshona mapazia alikumbuka kwamba tangu siku ile ya wodini hajamnunia mpenzi wake hata mara moja. Fundi alichagua rangi ya chumba watakachohamia, rangi mbaya, yeye akasema nzuri. Akaambiwa aache duka apumzike, akasema sawa. Akakatiwa simu katikati ya maneno, akasamehe kabla hajaombwa. Kila alipotaka kusema neno alijiona hana haki, mbele ya mtu anayempa uhai.

"Sitaweza," alisema, machozi yakamtoka. "Nitabaki kumshukuru tu maisha yangu yote. Na wala hajaniomba hivyo."

Mshona mapazia akajifuta uso, akaomba ile njia ya siri.

Basi wakaambiwa haikuwezekana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana nyumbani kila mtu alidhani anamjua aliyekataa. Mama mtu alisema wanaume ni maneno tu, wakionyeshwa kisu wanatoka mbio. Fundi, ambaye hakukataa chochote, alijiuliza alikosea wapi kwenye maswali, pengine ni kile kicheko. Aibu ikamshika, akaacha kupiga simu. Na mshona mapazia, hapo kwa kweli sikumpenda, alinyamaza akamwacha mwenzake asemwe.

Mpaka alipomsikia mama yake sebuleni, simu sikioni, akimfokea fundi. "Usikanyage tena kwangu. Woga wako utamuua mwanangu."

"Mama, kata simu. Aliyekataa ni mimi."

Mama yake alijibwaga kwenye kochi, akamuuliza kama ana akili timamu. Yeye alikuwa ameshachukua mtandio wake.

Alimkuta fundi juu kabisa ya lile jengo, kwenye chumba cha mota ya lifti, amekonda, ovaroli inampwaya. Akamweleza yote bila kujipendelea. Fundi akaweka spana chini.

"Kwa hiyo bora ufe kuliko kuchukua kitu changu?"

"Nataka kuishi. Lakini nataka kuishi nikiwa naweza kukununia."

"Mimi nimekukataza lini kununa?"

"Hujanikataza, ndiyo maana nashindwa. Ile rangi ya chumba ni mbaya, Fundi. Duka langu siachi. Na ile ndiyo niliyokupa wodini naifuta, kwa sababu pale nisingeweza kusema hapana."

Fundi alikasirika kwelikweli. Alisema ameitwa mwoga mpaka kazini, na mwenzake alikuwa wapi? Mshona mapazia akaomba msamaha, akaambiwa akae nao. Wakagombana kwa sauti ya kushinda mota mpaka makoo yakakauka, na katikati ya maneno fundi akagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze anaongea na yule mwanamke wa kwenye lifti. Akakaa kwenye boksi la vifaa, akasogea kidogo, na mwenzake akakaa.

"Ni mbaya kweli, ile rangi?"

"Kama dawa ya kikohozi."

Walirudi kwa mshauri pamoja. Hakuwapa jibu. Aliwaambia wakaishi kwanza, kisha waje tena, kila mmoja peke yake. Mama mtu alimpigia fundi kuomba radhi, akashindwa kuimaliza sentensi, fundi akammalizia. Mgonjwa alizidi kudhoofu, na kungoja kukawa kugumu kwao wote.

Siku ya kurudi, fundi aliulizwa lile la kuachana, na safari hii hakucheka. Alisema itamuuma, lakini figo itakuwa ya mwenye nayo. Na ndoa? Hiyo hajakubaliwa, alisema, na kutoa anatoa vilevile.

Mshona mapazia naye akaulizwa lile lake.

"Nimemnunia tangu jana," alijibu. "Amekalia pazia la mteja."

Mshauri akavaa miwani, akakubali.

Walipasuliwa siku moja. Fundi alipopata nguvu ya kushika simu, akapiga wodi ya wanawake.

"Mama Mapazia."

"Umechelewa kupiga."

"Ndiyo kwanza nimeamka. Sasa nimeshatoa, hakuna tena cha kunibembelezea. Nakuuliza upya, utaolewa na mimi?"

Mshona mapazia alitazama dari. Hapana ilikuwepo mdomoni, kabisa, angeweza kuisema na asife. Hakuwahi kujisikia mzima kiasi hicho.

"Nitafikiria," alisema.

Fundi akacheka, mshono ukamvuta, akashika ubavu akiguna mpaka nesi akaja kumgombeza. Mshona mapazia aliyasikia yote hayo kwenye simu, akasubiri nesi aondoke.

"Ndiyo," alisema. "Lakini rangi nachagua mimi."