Sura ya Mama Imebaki Makumbusho ya Ng'ambo

Nina miaka hamsini na minne, mjane, mkulima wa pamba hapa Bariadi. Haya niliyafanya nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na mpaka leo sijamaliza kuyalilia...

Baba alikuwa mchongaji wa sanamu za ngoma. Baada ya mavuno, vikundi viwili viliposhindana kucheza, sanamu zake zenye mikono ya kuchezacheza ziliwavuta watu hadi kutoka Bukundi. Ya mwisho aliipa sura ya mama. Mama akafariki. Kisha macho ya baba yakaingia giza. Tangu hapo, kila asubuhi aliipapasa ile sanamu usoni, akaiamkia kwa Kisukuma, "Wangaluka, mama Kabula." Kabula ni mimi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwona mkewe!

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wakimiminika mjini. Pamoja nao akaja Festo, kijana mtanashati, aliyejitambulisha kuwa wakala wa makumbusho ya sanaa ya kisasa yenye majumba nchi nyingi, yanayoazimana kazi kindugu. Aliitaka sanamu ya mama kwa miezi mitatu. Jina la baba lingeandikwa chini yake, dunia nzima ilisome. Baba alikataa katakata.

Mimi nikavimba kichwa... Baba alipopelekwa Maswa kutibiwa macho, niliifunga sanamu kwa khanga ya mama, nikampa Festo. Karatasi? Sikudai! Kwetu ng'ombe wako unaweza kumweka kwa jirani miaka kumi. Anakamwa huko, anazaa huko, na kila mtu anajua ni wako. Nikadhani majumba yale nayo yanaishi hivyo. Jamani, ujinga gani ule?

Baba aliporudi alinyoosha mkono pale sanamu ilipokaa, akakuta patupu. Hakunipiga. Heri angenipiga!

Miezi mitatu ikawa mwaka. Festo hakuonekana tena. Padri wa parokia yetu akanisaidia kuyaandikia barua majumba aliyoyataja Festo. Jumba la kwanza likajibu kwamba sanamu imehamia la pili, la pili likanielekeza la tatu. La tatu likatuma picha. Alikuwa mama, ndani ya kioo! Padri akanisomea maandishi ya chini: mchongaji hajulikani. Walisema wameinunua kihalali, hairudi.

Wakati huo baba alikuwa hoi kitandani. Nikamwekea picha mikononi, nikamdanganya kwamba mama amerudi. Akaipapasa ile karatasi, mbele, nyuma, mbele tena.

"Ng'wanone, mwanangu," akaniuliza, "mbona hana uso?"

Nililia tu... Wiki ile ile akafariki.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Mzazi akisema hapana, usimzunguke, hata kama unadhani unamtafutia sifa. Sikiliza kwanza kitu kile kina maana gani kwake.

Jina la baba nimelichonga mwenyewe kwenye msalaba wake, kwa patasi yake. Herufi zimekwenda upande. Lakini pale kaburini, mchongaji anajulikana.