Mshumaa wa Bi Idalina

Fundi piano alikuja siku mbaya kuliko zote za mwaka.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba, siku ya gulio la Krismasi, na ukumbi wa Kanisa la Wayunitari la Mtaa wa Alder ulikuwa umefurika. Nusu ya jiji la Providence ilikuwa mle ndani ikinunua biskuti, soksi za kufumwa na jamu za mwaka jana. Nyuma ya meza ya mashada ya matawi alisimama Hester Corliss, mwanamke wa miaka thelathini na sita, na sweta lake jekundu lenye kulungu wa Krismasi aliyeng'oka jicho, vidole vikinata utomvu wa misonobari. Mara akatokea mwanamume mrefu, koti la kijivu, skafu ya njano, mkoba wa ngozi mkononi.

"Samahani, dada. Nimekuja kurekebisha sauti ya piano."

"Leo?"

"Nimeambiwa leo."

"Nani kakwambia?"

"Kamati."

Hester akacheka. "Kamati gani, kaka yangu? Hapa tuna kamati kumi na tisa, na hakuna inayojua nyingine inafanya nini."

"Mimi nahitaji kimya tu. Dakika kumi."

"Kimya? Watu hawa hawanyamazi hata kwenye sala ya kimya!"

Yule bwana akageuka aende zake, mabega yamemshuka. Hester mwenyewe hajui kilichomwingia. Kazi yake ilikuwa kituo cha theluji cha jiji. Majira yote ya baridi alikaa kwenye redio akiwaamrisha madereva arobaini wa malori ya kukwangua barabara, kwa hiyo sauti alikuwa nayo, na woga hakuwa nao. Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi uliotikisa madirisha.

"Jamani! Fundi anataka dakika kumi. Anayetaka kununua anyooshe kidole, anayetaka kusema ameze!"

Ajabu ya Mungu, au ya yeyote unayemwamini, maana pale kila mtu na wake, watu mia mbili wakanyamaza. Wakanunua kwa ishara kama mabubu. Fundi akainamisha sikio juu ya piano, akagonga sauti moja moja, akakaza nyuzi kwa ufunguo wake. Alipomaliza akapiga wimbo mfupi wa kuchezeka, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Akaja mezani, uso umemwiva.

"Miaka kumi na mitano nafanya kazi hii. Hakuna aliyewahi kuninyamazishia kanisa zima."

"Basi nunua shada."

Akanunua matatu ya kutundika mlangoni. Alikuwa anaishi chumba kimoja chenye mlango mmoja. Jina lake Anselmo Furtado.

Januari theluji ilipoanguka kwelikweli, simu ya kazini kwa Hester ikalia.

"Haloo, kituo cha theluji."

"Naripoti dharura. Kuna kitu kimekwama hapa kwangu."

"Gari?"

"Moyo."

"Bwana wee, hii namba ni ya kazi! Na malori yangu hayakwangui mioyo."

"Basi nitangoja uyeyuke wenyewe."

"Ngoja Machi."

"Machi mbali, mpenzi."

Ndiyo mara ya kwanza Anselmo alimwita mpenzi, na lori namba kumi na saba likatumwa mtaa usio wake.

Kufika masika, Anselmo alikuwa kanisani kila Jumapili. Imani yake hata yeye hakuijua vizuri, na pale hilo si kosa. Kushoto kwake kwenye benchi alikaa bwana asiyeamini kuna Mungu, kulia bibi anayefuata mafunzo ya Budha, na wote watatu waliimba pamoja, baada ya kuchungulia ubeti unaofuata kuona kama wanakubaliana na maneno. Akajiunga na kundi la kengele za mkono, ambalo Bi Winslow, mwenye miaka sabini na minane na jicho la mwewe, aliliongoza kama jeshi. Kila mmoja ana kengele zake mbili, sauti mbili tu za wimbo mzima. Anselmo aliomba asimame ubavuni mwa Hester, akapewa.

Kisha akaja mama yake, Bi Idalina, Mkatoliki tangu tumboni. Alikuja mara moja tu, alisema, aone kanisa gani hilo lililomnasa mwanawe. Naye akanaswa, na kilichomnasa ni mishumaa. Kila Jumapili, baada ya mwali wa moto kuwashwa kwenye kikombe kikubwa cha mbele, mtu yeyote huruhusiwa kwenda kuwasha mshumaa na kutaja furaha yake au huzuni yake, wote wasikie. Mchungaji huomba watu wafupishe. Bi Idalina hakuwahi kufupisha. Aliwasha mshumaa wa magoti yake, wa paka wake, wa jirani aliyepata talaka na hakutaka ijulikane. Watu wakampenda hivyohivyo.

Hester naye alipenda, na alipenda kwa hofu. Aliwahi kuolewa. Siku mumewe alipofunga mizigo kwenda California, Hester alimfuata hadi kituo cha basi, akamshika mkono wa koti, akamwomba abaki, mbele za watu. Basi liliondoka. Kuanzia siku hiyo alijiapiza hatamwomba mwanamume tena abaki, hata kama roho inamtoka. Hester mwenyewe alimsimulia Anselmo yote, na Anselmo akaitikia kwa kichwa.

Sasa ikaja Jumapili ya tatu ya Desemba iliyofuata. Kanisa limepambwa matawi mabichi, kinara cha Hanuka, sikukuu ya Wayahudi, dirishani, kundi la kengele limejipanga mbele na glavu nyeupe. Bi Idalina akainuka na gauni lake la zambarau na kofia yenye unyoya. Akawasha mshumaa, akashika kiuno.

"Leo furaha yangu hainitoshi kifuani! Mwanangu Anselmo ameitwa Duluth, Minnesota, kwa fundi mkubwa wa kujenga vinanda vya mabomba vya kanisani. Akafunzwe kazi miaka miwili! Ndoto yake tangu utotoni! Februari anaondoka!"

Makofi yakapasuka. Shingo mia moja na hamsini zikamgeukia Hester, zote zinatabasamu, maana nani hakujua kwamba Anselmo ni wake? Hester akatabasamu pia, kama mtu aliyekalia kiti cha daktari wa meno. Ndiyo kwanza alikuwa anasikia. Anselmo pembeni yake alikuwa mweupe kama glavu.

Bi Winslow akainua mkono, wimbo ukaanza, na Hester akapiga kila sauti yake mahali pake. Halafu akazilaza kengele sandukuni, akavua glavu, akatoka bila kunywa kahawa ya baada ya ibada. Kwa Wayunitari, mtu akitoka bila kahawa, ujue kuna msiba.

Anselmo, bila hata koti, akamkuta ngazini.

"Hester, subiri! Si hivyo!"

"Umeitwa au hukuitwa?"

"Nimeitwa, lakini..."

"Lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu! Mama yako anajua, kanisa zima linajua, mpaka paka anajua! Mimi ndiye nani?"

"Nisikilize kwanza..."

"Safari njema, Anselmo."

Neno *baki* lilimfika ulimini kabisa. Akalimeza, akaingia ndani ya gari akaondoka.

Anselmo alimpigia simu mara kumi na moja wiki ile. Hester hakupokea hata moja. Bahati nzuri au mbaya, theluji ilianguka siku tatu mfululizo na kazi ikampa pa kujificha. Anselmo akapiga namba ya kituo.

"Haloo, kituo cha theluji."

"Hester, ni mimi. Nina jambo la kukwambia ana kwa ana."

"Hapa tunapokea habari za theluji tu."

"Basi ninayo theluji."

"Chukua sepetu." Akakata. Kisha akalia chooni dakika nne, akanawa uso, akarudi kwenye redio.

Siku ya mkesha wa Krismasi, saa sita mchana, ikalia simu nyingine. Bi Winslow.

"Umekosa mazoezi mawili."

"Naumwa, Bi Winslow."

"Unaumwa nini?"

"Kichwa."

"Kengele hushikwa kwa mikono. Ibada ni saa kumi jioni. Wimbo bila sauti zako mbili ni mdomo uliong'oka meno ya mbele. Na yule kijana amekonda."

"Anaondoka. Azoee njaa."

"Kama hutaki aondoke si umwambie abaki?"

"Mimi siombi mtu."

Bibi akavuta pumzi. "Haya. Mimi pia nilikuwa na kiburi kizuri kama hicho chako, mwanangu. Nimezeeka nacho. Mpaka leo hakijui kunichemshia hata chai."

Hester akavaa gauni lake la mahameli ya kijani, akavaa na viatu vya theluji chini yake, akaenda. Alijiambia anaenda kwa ajili ya kengele. Saa tisa na nusu alikuwa mlangoni, na Bi Winslow hata salamu hakumpa. "Kalete vitambaa vya kufutia kengele. Viko jikoni."

Jikoni alikuwapo Anselmo peke yake, mikono ya shati imekunjwa, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, anaosha vikombe. Sharubati ya tufaha na mdalasini ilikuwa inachemka mekoni na dirisha limejaa mvuke. Kweli alikuwa amekonda.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja kwa kengele."

"Siendi Duluth, Hester."

"Usinitanie."

"Nimekataa. Siku ileile niliyopata barua, niliwapigia nikakataa. Mama sikumwambia. Aliiona barua mezani, akakimbilia mshumaa."

Furaha ikampanda Hester ghafla hadi akashika ukingo wa meza. Lakini nyuma ya furaha, hatua moja tu, ikaja hasira.

"Umekataa? Kazi uliyoiota tangu mtoto?"

"Kwa ajili yako."

"Nani kakutuma?"

"Hester! Nilijua hutaniomba nibaki. Ungesema nenda, kisha ufe kimyakimya. Nikaona nikupunguzie."

"Unipunguzie nini? Nilidhani umeamua kuondoka bila mimi, kumbe umeamua kubaki, tena bila kuniuliza mimi! Ipi afadhali? Miaka kumi ijayo utanitazama asubuhi na kuona kinanda ambacho hukukijenga!"

"Sasa unataka nifanye nini?" Naye akapandisha sauti. "Nikienda kosa, nikibaki kosa!"

Hester alikuwa ameilinda ahadi yake miaka yote hiyo, hakuomba, na mwanamume huyu hapa amebaki bila kuombwa. Mbona moyo haujatulia? Ndipo alipolijua jambo lenyewe, na likamtia aibu kwa udogo wake.

"Niulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Niulize kama nitakuja."

Anselmo akaweka kikombe taratibu. "Hapa ndipo kwenu. Kanisa, kazi, watu wako wote. Nitawezaje kukuuliza..."

"Niulize, Anselmo!"

"Utakuja nami Duluth?"

"Huko kuna theluji?"

"Inaanza Oktoba. Watu husema inaondoka Mei."

"Basi kazi sitakosa. Miaka miwili. Ukizidisha hata siku moja, nakuacha hukohuko na mabomba ya vinanda vyako, mimi nimerudi nyumbani."

"Lakini nimeshakataa, mpenzi."

"Piga simu."

"Leo? Mkesha wa Krismasi?"

"Piga, kabla sijapata akili!"

Akapiga, simu ikiteleza mikononi kwa sabuni, akaiweka mezani kwa sauti ya juu. Ikaita mara sita. Ikajibu sauti nzito ya mzee aliyekatizwa chakula.

"Nani?"

"Ni Furtado, mzee, wa Providence. Ile nafasi..."

"Si ulisema una mtu huko hawezi kuondoka?"

Anselmo akamtazama Hester. "Sikuwa nimemuuliza, mzee."

Kutoka Duluth kikaja kicheko kirefu cha kukohoa. "Mjinga wee! Nafasi ipo. Sijapata mwingine mwenye masikio. Na huyo mtu, ni mkeo?"

"Subiri kidogo, mzee." Akaifunika simu kwa kiganja. Shingo ilikuwa imemwiva hadi masikioni. "Hester Corliss, mzee anauliza wewe ni nani wangu. Nimjibu nini?"

"Wewe unataka kumjibu nini?"

"Mke. Ukinikubali. Pete sina, na mikono imejaa sabuni."

Mlango ukagongwa kwa ngumi. "Kengele!" akapaza Bi Winslow. "Dakika mbili!"

Hester akaichukua simu kutoka chini ya kiganja kile chenye povu.

"Mzee, shikamoo. Naitwa Hester. Mimi ndiye mkewe. Bado hatujafunga ndoa, ila tutafutie nyumba ya wawili. Na Krismasi njema, rudi ukale."

Anselmo akambeba juu kwa juu, na gauni la mahameli likalowa mgongo mzima.

Walikimbia wakaingia kanisani watu wote wameshakaa, kila mmoja na mshumaa usiowashwa mkononi, Bi Idalina safu ya mbele akiwatazama mmoja baada ya mwingine, macho yakimtoka. Hawakumwambia kitu, muda haukuwapo. Wakavaa glavu. Bi Winslow akainua mkono, na wimbo wa kwanza ukaanza upande wa kushoto, ukaja kengele kwa kengele kuelekea kwao. Hester akaitazama karatasi ya nota. Machozi yalikuwa yamejaa, haoni hata mstari mmoja. Anselmo akamsogelea, bega kwa bega, akamhesabia kwa sauti ndogo.

"Moja. Mbili. Tatu. Sasa, mke wangu."

Akapiga.