Harufu ya Viti Vipya

Kila jioni baada ya shule, Sumaku alipita karakanani kwa baba yake kuokota sindano. Baba alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na kutwa nzima sindano na pini zilimponyoka zikapotelea sakafuni, katikati ya nyuzi na vipande vya sponji. Binti yake alikuwa amefunga sumaku kwenye ncha ya fimbo. Aliipitisha polepole chini ya cherehani, chini ya meza, mpaka kwenye kona ya makopo ya gundi, na sindano zikaruka zenyewe zikanasa. Jina hilo la Sumaku lilimganda kutokana na kazi hiyo. Hata mwalimu wake wakati mwingine alijisahau akamwita hivyo.

Jioni moja hakufika hata chini ya meza.

"Weka fimbo chini," baba alisema, huku akipangusa mikono kwenye suruali. "Funga macho. Na usichungulie, nakujua wewe!"

Alimshika bega akamwongoza mpaka uani. Sumaku alisikia mlango wa gari ukifunguliwa. Kabla hajafumbua macho, harufu ilimfikia: ngozi mpya ya bandia, sponji mpya, na gundi, vyote vimepigwa na jua mchana kutwa. Ilimwingia puani, ikashuka kooni, ikakaa hapo.

"Haya, fungua!"

Gari lao kuukuu, lililokuwa na viti vilivyochanika mpaka springi zikachungulia, sasa lilikuwa na viti vyeupe kama maziwa, vyenye mshono mwekundu ulionyooka kama mstari wa rula. Kwenye kiti cha nyuma, katikati, baba alikuwa ameshona ua dogo jekundu.

"Hapo penye ua ni pako," alisema. "Mama huku, cherehani tunayompelekea bibi huku. Hata nikikata kona namna gani, huendi popote."

Sumaku alitazama nafasi ile. Ilikuwa nyembamba, na madirisha yote yalikuwa mbali.

"Asante, baba. Ni pazuri sana."

"Tukifika mpakani, afisa atafungua mlango aduwae. 'Mzee, gari hili umelitoa kiwandani leo?'" Baba alicheka peke yake mpaka mabega yakatikisika. "Na atakayetapika humu, basi atamalizia safari kwa miguu!"

Ulikuwa utani. Sumaku alicheka kwa meno tu.

Walikuwa wakijiandaa kwenda kwa bibi, mama yake mama, aliyeishi nchi ya jirani. Ilikuwa safari ya siku mbili. Wangeondoka alfajiri, walale nyumba ya wageni kwenye mji wa mpakani, asubuhi wavuke, kisha waendelee mpaka jioni. Sumaku alimwona bibi mara ya mwisho akiwa mdogo kiasi cha kubebwa. Tangu hapo bibi alikuwa sauti ya kwenye simu, sauti yenye kicheko, iliyomwita "mke mwenzangu". Lakini siku za karibuni macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. "Njooni upesi," alikuwa amesema. "Nataka nimwone mke mwenzangu uso wake, nisije nikabaki kuupapasa tu."

Na Sumaku alitaka kuonwa. Alilitaka jambo hilo kuliko kitu kingine chochote. Tatizo lilikuwa tumbo lake. Mwaka uliopita, walipokwenda harusini, alitapika ndani ya basi, juu ya viatu vya abiria asiyemjua. Kaka yake alimwita Bomba mwezi mzima. "Bomba, umefungwa au unavuja?" Basi lile halikuwa na harufu ya gundi, na viti vyake havikuwa vyeupe.

*

Nyumbani, maandalizi yalifanyika sebuleni. Baba, ambaye hakuwahi kukata kitambaa bila kupima, aliamua kwamba safari nayo lazima ipimwe. Baada ya chakula cha jioni alipanga viti vya mezani kama vya gari: viwili mbele, vitatu nyuma. Kaka alikaa mbele na ramani, kwa sababu ya miguu yake mirefu. Mama alikaa nyuma na kikapu. Cherehani ya bibi, imefungwa blanketi, ilipewa kiti chake kama abiria. Sumaku alibanwa katikati.

"Sogea, unanikanyaga," alimwambia mama.

"Nisogee wapi, mwanangu? Nitoke nje ya gari?"

Wote walicheka. Kisha baba alivaa kofia ya shule ya kaka, akajitia ukali, akawa afisa wa uhamiaji. Alikagua pasipoti, akawatazama mmoja mmoja.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumwona mama yangu," mama alijibu.

"Mmebeba nini?"

"Nguo, cherehani, na mtu mmoja mwenye kelele," kaka alisema, akimnyooshea kidole Sumaku.

Afisa hakucheka. Aliinama mbele ya kiti cha katikati. "Na wewe, binti. Mtoto naye huulizwa. Unasafiri na watu hawa kwa hiari yako?"

Sumaku alifungua mdomo. Bega la mama lilikuwa upande huu, chuma cha cherehani upande ule, na uso wa baba uliojaa furaha ulikuwa mbele yake. Ilikuwa sebule tu, na dirisha lilikuwa wazi, lakini alihisi harufu ile ikipanda kooni.

"Jibu, afisa anasubiri," kaka alisema.

"Mimi... mimi nina mtihani," Sumaku alisema. "Nafikiri bora nibaki."

Kicheko kilikatika. Baba alivua kofia.

"Mtihani gani wakati wa likizo?" mama aliuliza.

"Wa kujipima. Ninaweza kubaki kwa jirani."

Mama hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliinuka, akachukua kikapu chake, akasema taratibu, "Mama yangu anahesabu asubuhi zilizobaki ili akuone. Sijui nimwambie nini."

Kesho yake bibi mwenyewe alipiga simu. Mama alimkabidhi Sumaku simu.

"Mke mwenzangu, nasikia umepata masomo mengi."

"Ndiyo, bibi."

"Au umesikia kwamba mimi ni mzee ninayenuka tumbaku ukaogopa?"

"Hapana, bibi!"

"Haya. Soma, mama. Soma vizuri." Kicheko cha bibi kilikuja, lakini kilikuwa kimechoka.

Sumaku alirudisha simu, akaenda kukaa chooni mpaka machozi yalipokauka. Akisema hatakwenda, anamuumiza bibi. Akisema atakwenda, atachafua viti ambavyo baba alivishona kwa mikono yake baada ya kumaliza kazi za wateja. Na akisema ukweli, kwamba ni harufu ya viti hivyo inayomgeuza tumbo, baba ataonaje?

Shuleni alimsimulia rafiki yake wa dawati moja, naye akampa dawa. "Usile kitu," alimnong'oneza. "Tumbo tupu litatapika nini?"

Sumaku aliona njia imefunguka. Jioni ile alimwambia mama kwamba atakwenda. Mama alimkumbatia bila kuuliza maswali, na hilo nalo lilimchoma.

*

Jumamosi baba alitaka kulijaribu gari barabarani wote wakiwa ndani. Tangu mchana wa Ijumaa Sumaku hakuwa amekula kitu. Chakula cha usiku alikizungusha kwenye sahani, na mkate wa asubuhi aliuficha mfukoni mwa sketi. Alikaa juu ya ua lake jekundu.

"Vioo juu!" baba alitangaza walipoacha lami. "Vumbi likigusa viti vyeupe, kazi yangu yote imekwenda na maji."

Vioo vilipanda, kimoja baada ya kingine. Jua lilichoma paa, na harufu ikavimba, ikajaza gari lote kama mtu wa tano. Mama alijibana kipaji cha uso kwa vidole. Kaka alivuta pumzi ndefu, akaibana, akaiachia, kama mtu anayepiga mbizi. Baba peke yake alikuwa akipiga mluzi.

"Mnaonaje viti?" aliuliza.

"Vizuri," mama alisema.

"Vizuri mno," kaka alisema, sauti ikitokea puani.

Gari liliruka shimo. Sumaku aliona nukta nyeusi zikicheza mbele ya macho. Jasho baridi lilimtoka mgongoni. Alitaka kusema "simama", lakini alijua akifungua mdomo halitatoka neno. Alijaribu kusogea. Huku mama, huku cherehani. Akajaribu kumeza. Tumbo lililokuwa tupu lilijikunja kama ngumi, likatoa maji machungu ya manjano, yakamwagika moja kwa moja juu ya ua jekundu.

Baba alifunga breki. Mluzi ulikatika.

"Kuna nini?"

Mama alikuwa ameshafungua mlango. Sumaku alipita juu ya mapaja yake, akaruka chini. Aligeukia upande wa nyumbani, ingawa nyumba yao hata haikuonekana, akaanza kutembea kando ya barabara akiyumba.

"Unakwenda wapi wewe?" baba alipiga kelele.

"Nyumbani."

"Nyumbani kivipi?"

"Kwa miguu," Sumaku alisema, bila kugeuka. "Ulisema atakayetapika atakwenda kwa miguu."

Baba alisimama katikati ya vumbi, mikono imening'inia. Kisha alikimbia. Alimfikia kabla hajaanguka, akamdaka, akamkalisha kwenye majani kando ya njia.

"Mwanangu, ule ulikuwa utani!"

"Najua," Sumaku alisema, na hapo akaanza kulia. "Lakini viti vinanuka, baba. Vinanuka gundi. Tangu siku ya kwanza. Na sijala tangu jana ili nisitapike, na bado nimetapika. Na ua langu limechafuka."

Mama alikuja na chupa ya maji. Aligusa mfuko wa sketi, akatoa kipande cha mkate kilichopondeka, akakitazama kwa muda mrefu.

"Vinanuka?" baba aliuliza. Alimgeukia kaka. "Kweli vinanuka?"

Kaka alijikuna shingo. "Baba, mimi nilikuwa nahesabu miti ili nisivute pumzi."

"Na wewe, mama watoto?"

"Kichwa kinanigonga tangu tuondoke nyumbani," mama alisema. "Lakini ulivyokuwa umefurahi, ningeanzia wapi?"

Baba alikaa chini kwenye majani, kando ya binti yake. Alijishika pua kama anaiona kwa mara ya kwanza. "Pua hii gundi ilishaila zamani. Gari la mteja huwa naliacha milango wazi siku kadhaa mpaka gundi ikauke ndiyo nalikabidhi. Nilijua kabisa. Hili la kwetu nikawa na haraka ya kuwaonyesha." Akatikisa kichwa. "Viti nimeshona mimi. Sasa midomo yenu, nani aliishona?"

Kaka alicheka wa kwanza. Kisha mama. Sumaku alicheka huku akipiga kwikwi.

Walirudi polepole, vioo vyote chini, vumbi likiingia lilivyotaka.

*

Siku hiyohiyo mama alimpeleka Sumaku zahanati. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Huyo rafiki yako si daktari," alisema. "Tumbo tupu huvurugika zaidi. Kabla ya safari kula kidogo, kitu chepesi, mkate mkavu au ndizi. Kunywa maji kidogo kidogo. Kaa mbele, dirisha wazi, tazama mbali, usisome. Msimame njiani mara kwa mara unyooshe miguu. Na nitawapa vidonge vya kumeza kabla ya kuondoka. Kutapika garini si utovu wa adabu, binti. Ni mwili unasema. Ila ukiufunga mdomo, sisi wa kukusaidia tutajuaje?"

Nyumbani, baba alikuwa amevitoa viti vyote garini, amevipanga uani juani kama wagonjwa wanaoota jua. Alikuwa akilisugua ua jekundu kwa sabuni. Lilibaki na doa hafifu la manjano.

"Nilibadilishe?" aliuliza.

"Liache," Sumaku alisema.

Wiki ilipita, harufu ikapungua mpaka ikabaki kidogo tu, ile ya kitu kipya. Jioni moja viti vya mezani vilipangwa tena sebuleni. Safari hii Sumaku alikaa mbele, na kaka alibanwa nyuma kati ya mama na cherehani, magoti yakigusa kidevu, akilalamika kwamba anaonewa. Mama alikuwa amempigia bibi simu, akaongeza sauti, akaiweka juu ya cherehani.

"Naona giza," simu ilisema. "Mmeniweka wapi?"

"Kwenye siti yako, mama," baba alijibu. Alivaa kofia, akakunja uso, akainama dirishani, dirisha ambalo halikuwepo. "Na wewe, binti. Unasafiri na watu hawa kwa hiari yako?"

Hata kaka aliacha kulalamika. Sumaku alivuta pumzi, akageuka kuitazama ile simu.

"Bibi, sikuwa na mtihani wowote," alisema. "Nilikuwa naogopa kutapika. Nataka kuja. Nilitaka kuja tangu siku ya kwanza, ili unione."