Kituo Kisiachwe Kitupu

Kazi ya dereva huyu ilikuwa kuzihamisha baiskeli za kukodi: anazipunguza kwenye vituo vya mitaani, anazipeleka stesheni ya treni ambako abiria huzigombania. Simu ya kazi ikisema toa sita, anatoa sita. Kazi ya mgongo, alipenda kutania, kichwa nakiacha nyumbani.

Asubuhi moja simu iliagiza azitoe zote kituo cha mtaani kwake. Alijua fika kwamba binti yake, muuguzi, huchukua moja hapo saa kumi na mbili unusu kwenda zamu. Akajiambia, leo atatembea, miguu anayo. Binti akatembea. Gari likamgonga karibu na daraja.

Tangu mazishi, dereva akawa anabakiza baiskeli moja, simu iseme isemavyo. Na kila siku, saa kumi na mbili unusu, simu ilionyesha baiskeli ile ikiondoka na kufika hospitali. Kadi ya kukodia iliyoifungua, simu ilisema, ilikuwa ya binti yake. Walikuwa wamemzika nayo.

Hakuogopa. Alifurahi hadi akajionea haya.

"Amefika kazini," alimnong'oneza mkewe.

"Usimwambie mtu," mama akajibu, ameugeukia ukuta.

Lakini msimamizi aliona hesabu haitimii.

"Mzee, mbona kila siku unabakiza moja?"

"Ina mwenyewe, bosi."

"Hizi ni za watu wote. Kesho tunakwenda pamoja."

Kesho yake msimamizi aliipakia mwenyewe. Dereva angeweza kukataa. Aliogopa kufukuzwa, akanyamaza, na ukimya huo unamla mpaka leo.

Saa kumi na mbili unusu walikuwa njiani. Simu haikuonyesha kitu. Dereva akasimamisha gari, akashuka, akarudi mbio.

Kituo kilikuwa kitupu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, mbichi kabisa, zikielekea darajani. Angezijua popote. Yeye ndiye aliyeifundisha miguu ile kutembea.

Akazifuata. Barabara tupu. Hakuna mtu.

"Mwanangu," akaita. "Nisubiri."

Akafika karibu na daraja. Nyayo za tope zilikuwa zimepanda juu ya lami, hatua kwa hatua, hadi katikati ya barabara. Hapo nyayo zikakoma. Mbili za mwisho zilikuwa zimesimama pamoja, zimegeuka, vidole vikimwelekea yeye.