Viluwiluwi vya Shimo la Matofali

Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi wa Gredi ya Sita katika shule moja ya Malaba walicheza mchezo wa maneno kwenye kishikwambi cha darasa. Mchezo ulitoa herufi, nao wakaunda maneno. Neno lililokubaliwa liling'aa kijani. Lililokataliwa liligeuka jekundu, na chini yake yakatokea maandishi: "Neno halipo."

Amuge, msichana wa miaka kumi na miwili, alipenda sayansi. Nyuma ya daftari lake aliandika maneno ya viumbe aliyofundishwa na Mwalimu Okurut: chavua, kuvumwani, kiluwiluwi. Mchezo ulikuwa umeshakataa mawili ya kwanza. Ijumaa hiyo kundi lake lilihitaji neno moja refu ili lishinde. Amuge akaziona herufi, akapanga haraka: KILUWILUWI.

Likawa jekundu. Muda ukaisha.

"Neno gani hilo?" akauliza Eriaku, kiongozi wa kundi. "Umelitunga."

"Ni mtoto wa mbu anayeishi majini. Mwalimu alitufundisha."

"Hii mashine ina maelfu ya maneno. Wewe unajua kuliko hiyo?"

Mwalimu Okurut alikuwa ameenda mkutanoni Busia, kwa hivyo hakukuwa na wa kumtetea. Tangu siku hiyo wenzake walimwita Kiluwiluwi. Jumatatu Amuge alizichana zile kurasa akazitupa chooni. Darasani hakuinua mkono tena.

Mvua za Aprili zilianza. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na shimo ambamo watu walichimba udongo wa matofali, nalo likajaa maji. Jioni moja Eriaku, ambaye pia alikuwa jirani yao, alikuja kumsaidia Amuge kutafuta mbuzi. Walipofika ukingoni Amuge akasimama. Vidudu vyembamba kama vipande vya uzi vilikuwa vimelala chini kidogo ya uso wa maji. Kivuli chake kilipovifikia, vikapinda na kuzama.

Mama yake alikuwa akianika nguo hatua chache tu kutoka hapo. Amuge akafungua kinywa kumwita. Eriaku akamtazama akitabasamu.

"Enhe, sema. Hivyo ni nini?"

"Sijui," akajibu Amuge, nao wakaendelea kutafuta mbuzi.

Mama Amuge aliwauzia madereva chai kwenye foleni ya malori ya mpakani. Kila siku alienda na Otukei, kaka mdogo wa Amuge mwenye miaka minne. Otukei alikuwa na maneno mengi. Alimwuliza kila dereva kwao ni wapi, na kama huko kuna mbuzi.

Wiki tatu baada ya mvua kuanza, Otukei alishikwa na homa. Asubuhi ya pili akakakamaa na macho yakapinduka. Mama akampakata kwenye bodaboda, Amuge nyuma yao, hadi hospitali ya Alupe.

"Malaria imepanda kichwani," akasema Sista Apolot, muuguzi wa wodi ya watoto.

Kwa siku tatu Otukei hakuzinduka. Amuge alikaa kando ya kitanda akitazama dripu ikidondoka. Hakuweza kula. Hakuweza kuomba pia, maana kila alipofumba macho aliliona lile shimo. Siku ya nne mtoto alifumbua macho, akanywa uji, lakini hakusema lolote. Alimtazama dada yake kama mtu anayemtazama mgeni.

Amuge akashindwa kuvumilia. "Mama, niliviona viluwiluwi shimoni. Nilijua ni vya mbu. Nikasema sijui, kwa sababu mashine ya darasani ililikataa neno hilo, na wenzangu wangenicheka tena."

Mama aliuweka mkono wake juu ya mguu wa Otukei. Machozi yalimdondoka, wala hakuyafuta.

Sista Apolot alikuwa amesikia. "Hakuna anayejua ni mbu yupi aliyemuuma," akasema polepole. "Na Otukei ataongea, ingawa itachukua muda. Lakini hilo shimo bado lina maji, na huko kwenu kuna watoto wengine."

Jumamosi, Otukei akiwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani, mama na majirani walichimba mfereji, wakayatoa maji na kulifukia shimo. Eriaku alikuja na jembe la baba yake. Alifanya kazi hadi viganja vikachubuka, bila kumtazama Amuge usoni. Otukei alikuwa ameketi mlangoni, kimya. Malori yalipiga honi barabarani, naye hakugeuka.

Kazi ilipokwisha mama alimwita Amuge, akamkalisha karibu.

"Mimi niliachia darasa la nne," akasema. "Hata mimi neno lako sikulijua, sawa na hiyo mashine. Lakini ungeniambia, ningelijua. Mwanangu, ukiona hatari, sema. Wakicheka, sema. Hata ukikosa jina lake, nishike mkono unionyeshe kwa kidole."