Mwaka Uliofukiwa Kizingitini

Paka ndiye wa kwanza aliyekataa kuingia. Alinusa kizingiti kipya, akarudi nyuma, manyoya yamesimama.

"Umemfanyaje huyu?" mke akauliza.

"Hapendi saruji," fundi saa akajibu, macho kwenye albamu yake ya sarafu.

Albamu ilikuwa na kijidirisha kwa kila mwaka, na kimoja tu kilikuwa kitupu. Wauza sarafu walimcheka: mwaka wa kawaida, bei ya chini, unahangaikia nini? Lakini hata wao hawakuwa na sarafu hiyo. Asubuhi ile, alipovunja kizingiti kilichopasuka, aliikuta chini yake, tarehe ikitazama nje, akaitia kijidirishani.

Mchana sauti ilianza chumbani kwa binti yao: sarafu ikizunguka sakafuni, haianguki. Ikafuata harufu ya shaba iliyoloa. Binti akaacha kula.

"Mgeni amelala kitandani kwangu, baba," alinong'ona, midomo imempasuka. "Anasema alingoja sana mlangoni."

Siku hadi siku mtoto alinyauka, mpaka mama yake akamleta mganga, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alikataa hata kiti.

"Mwaka ule wageni kama huyu walipita mlango kwa mlango," akasema kwa sauti ya chini. "Sarafu za mwaka huo hawawezi kuzivuka. Kila nyumba ikafukia yake, ndiyo maana hamzioni. Nitamtoa. Akitoka, irudisheni ile ile."

"Nyingine haifai?" fundi saa akauliza. "Ninayo ya bei kubwa zaidi."

"Kwani yeye anasoma bei, baba?"

Moshi ulitanda, mlango ukajibamiza, harufu ikakatika. Binti akaomba maji. Mganga alipoondoka, fundi saa alivunja tena kizingiti, akapiga magoti, akampa mkewe mgongo, akafukia katika saruji mpya sarafu ambayo wakusanyaji wenzake wangeuana kwa ajili yake, na ile ya tarehe adimu akairudisha kijidirishani mwake. Hasara, alijiambia, ameila yeye.

Alasiri, saruji ikiwa bado mbichi, mke alimwita kwa sauti iliyokauka.

Kizingitini palikuwa na unyayo mmoja, mrefu, usio na kisigino, vidole vikielekea ndani, na juu ya meza ile sarafu ya bei kubwa, ikiwa bado na saruji ukingoni, ilikuwa inazunguka, inazunguka, na harufu ya shaba ilikuwa imekwisha kumjaa fundi saa kooni alipoichana albamu, akaichopoa sarafu ya mwaka ule, akakimbia nayo mlangoni, akaididimiza kwa dole gumba na kuifunika kwa viganja vyote viwili mpaka saruji ikatulia.

Sarafu ya mezani ikaanguka. Kimya.

"Imekwisha," akamwambia mkewe.

"Baba," binti akaita kutoka chumbani, taratibu. "Anauliza, sasa atatoka kupitia wapi?"